Upasuaji wa urembo ukiwa mkazi wa Dodoma: ya kupanga kabla hujalipa

Karibu kila anayefikiria kukata tumbo (kuondoa ngozi iliyolegea ya tumbo), kunyonya mafuta au kuongeza makalio huanza kwa kuuliza bei. Kwa anayeishi Dodoma mjini, Kondoa, Mpwapwa au Manyoni, lipo swali linalotakiwa kutangulia: siku ya nane baada ya upasuaji, joto limepanda hadi 38.5 na kidonda kimeanza kunuka, nani atakuona na yuko umbali gani? Mabingwa wa upasuaji rekebishi, ndio waliosomea na huu wa urembo, nchini ni wachache, wengi wao wako Dar es Salaam, na kutoka hapa kwenda huko ni kilomita zipatazo 450. Anayekaa Sinza, jijini humo, anaweza kuonwa na aliyempasua ndani ya saa moja. Wewe huwezi, kwa hiyo mpango wako lazima uwe tofauti na wake.

Madhara ya upasuaji yana ratiba yake, na ratiba hiyo ndiyo ikuongoze ukae Dar siku ngapi. Damu kuvujia chini ya ngozi, upande mmoja ukavimba na kuwa mgumu, hutokea zaidi ndani ya saa 48 za kwanza, na mara nyingi unarudishwa chumba cha upasuaji siku hiyohiyo. Ngozi iliyokosa damu hubadilika rangi kati ya siku ya 3 na ya 10. Usaha huanza kujionyesha kuanzia siku ya 5 hivi. Majimaji kujikusanya chini ya ngozi ya tumbo lililokatwa huja wiki ya kwanza hadi ya tatu, na huhitaji kuvutwa kwa sindano, pengine mara kadhaa. Damu kuganda kwenye mshipa wa mguu, kisha kipande kikachomoka kwenda mapafuni, ni hatari zaidi katika wiki tatu za mwanzo, na huweza kumuua mtu aliyekuwa anaonekana anaendelea vizuri kabisa. Kwa kukata tumbo, tenga siku 14 za kukaa karibu na daktari wako. Kwa kunyonya mafuta sehemu ndogo, 7 zinaweza kutosha. Ukiambiwa utapanda basi la Dodoma kesho yake, tafuta daktari mwingine.

Wakati wa kurudi, treni ya SGR iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024 ni nafuu kubwa: safari haizidi saa nne sana, na unaweza kusimama na kutembea kwenye behewa. Kwenye basi unakaa mguu umekunjwa saa nane au tisa, na hapo ndipo damu hupata nafasi ya kuganda. Kwa vyovyote utakavyosafiri, simama kila saa, kunywa maji, na kama umeandikiwa sindano za kuzuia damu kuganda usizikatize kwa sababu uko safarini. Aliyeongezwa makalio asikalie mafuta mapya moja kwa moja kwa wiki mbili au zaidi, kwa hiyo kiti cha basi kwake ni tatizo juu ya tatizo.

Kabla hujaondoka hapa, mtafute daktari wa upasuaji wa Dodoma, iwe Hospitali ya Benjamin Mkapa, General (hospitali ya rufaa ya mkoa) au hospitali binafsi, umweleze unachokwenda kufanya na umwombe akubali kukuona ukirudi. Watu wengi wanaona aibu kufanya hivyo, halafu wanaishia kufika mapokezi usiku bila karatasi yoyote. Kwa aliyekupasua, dai ripoti ya maandishi: umefanyiwa nini, lita ngapi za mafuta zimetolewa, dawa gani umepewa na kwa kipimo gani, na kama umewekewa kifaa, aina yake na namba yake.

Sasa daktari mwenyewe. Jina lake lipo au halipo kwenye rejista ya Baraza la Madaktari Tanganyika. Angalia pia kama leseni yake ni hai na ubingwa wake umeandikwa nini. Daktari bingwa wa wanawake anaweza kuwa hodari sana wa upasuaji wa uzazi na asiwe amefundishwa kuhamisha ngozi ya tumbo bila kuikata mishipa inayoilisha. Muulize amefanya upasuaji huo mara ngapi, na wangapi walirudishwa chumba cha upasuaji. Mwenye uzoefu hachukizwi na swali hilo, kwa sababu kila anayepasua watu wengi ana waliopata madhara. Anayejibu kwamba hajawahi kupata shida hata moja, ama amepasua wachache, ama hawafuatilii wagonjwa wake.

Usimsahau mtoa usingizi. Watu hujua jina la daktari wa upasuaji na wala hawajui nani atawapa nusu kaputi. Awepo mtu wa usingizi aliyesomea, asiye na kazi nyingine chumbani humo, mwenye kipimo cha oksijeni cha kidoleni, kipimo cha hewa unayotoa, na mtungi wa oksijeni wa akiba. Uliza ICU, yaani chumba cha wagonjwa mahututi, iko wapi na damu ya kuongezewa inatoka wapi. Kama jibu ni kwamba mgonjwa akizidiwa anaitiwa gari, hicho kituo kinafaa kuondoa chunjua kwa ganzi, hakifai kulaza mtu kwa saa nne mezani.

Kuhusu makalio, yaani BBL, nitakaa kidogo hapa. Mafuta hunyonywa tumboni au kiunoni na kudungwa kwenye makalio. Ndani ya msuli wa kalio kuna mishipa minene ya damu inayorudi moja kwa moja kwenye moyo. Ncha ya mrija ikiingia kwenye msuli na kutoboa mshipa huo, mafuta huvutwa ndani yake, yanakwenda hadi kwenye moyo na mapafu, na mgonjwa hufa palepale mezani au saa chache baadaye. Uchunguzi wa madaktari wa urembo uliotolewa mwaka 2017 ulikadiria kifo kimoja kwa takribani kila upasuaji 3,000, idadi ya kutisha kwa kitu ambacho mtu hakulazimika kukifanya. Mwaka 2018 vyama vya madaktari hao vilitoa onyo la pamoja: mafuta yawekwe juu ya msuli tu, chini ya ngozi, kwa mrija mnene wa milimita 4 au zaidi usiopinda, na ncha isielekezwe chini. Baadaye ikapendekezwa kutumia ultrasaundi wakati wa kudunga ili ncha ionekane. Kwa hiyo muulize daktari: unaweka safu gani, kwa mrija wa unene gani, na unaonaje ncha ilipo? Anayesema anaweka msulini ili yashike zaidi, mshukuru na uondoke. Kumbuka pia kwamba sehemu ya mafuta hayo, mara nyingi theluthi moja au zaidi, hufyonzwa na mwili miezi ya mwanzo, na kwamba ukipungua kilo baadaye makalio nayo yanapungua.

Sindano za silikoni ya maji au "jeli" zisizojulikana zinazodungwa saluni au chumba cha mtu, hizo sizijadili kama chaguo. Silikoni ya maji huhama, hufanya uvimbe mgumu miaka baadaye, na kuitoa yote haiwezekani bila kukata nyama iliyo hai.

Kunyonya mafuta si dawa ya unene. Hutumika kwa uvimbe wa mafuta uliogoma wakati uzito wenyewe uko karibu na kawaida. Jipime: gawa kilo zako kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mwenye mita 1.60 na kilo 85 anapata 33. Madaktari wengi hupendelea chini ya 30, ambayo kwa urefu huo ni chini ya kilo 77, na zaidi ya 35 wengi hukataa, maana vidonda havifungi na damu huganda kirahisi. Uzito uwe umetulia kwa miezi 6. Mafuta yakitolewa zaidi ya lita 5 kwa mara moja, lala hospitalini usiku huo. Maji ya ganzi yanayodungwa kwenye mafuta hufyonzwa polepole, na kilele chake kwenye damu kinaweza kufika saa 8 hadi 14 baadaye, wakati mtu keshafika gesti. Midomo ikifa ganzi, masikio yakivuma, ukihisi ladha ya chuma mdomoni, rudi hospitali hapohapo. Mwenye ngiri ya kitovu au kovu la upasuaji wa uzazi apigwe ultrasaundi kwanza, kwa sababu mrija unaopita kwenye tundu la ngiri unaweza kutoboa utumbo.

Kukata tumbo kusubiri hadi umemaliza kuzaa. Mimba ikija baadaye itafungua tena kilichoshonwa, na gharama yako imekwenda. Kwa matiti, subiri angalau miezi 6 tangu uache kunyonyesha. Kupunguza matiti kunaweza kukuondolea hisia za chuchu na uwezo wa kunyonyesha baadaye. Mwulize daktari hilo wazi kama bado unataka mtoto. Matiti ya silikoni hayawekwi mara moja kwa maisha yote: hupasuka au kukazwa na kovu, na Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani inashauri yapigwe picha miaka 5 hadi 6 baada ya kuwekwa, kisha kila miaka 2 hadi 3.

Jambo ambalo wagonjwa hulificha kuliko yote ni mkorogo na vidonge vya kunenepesha. Krimu nyingi za kung'arisha ngozi zina steroidi kali, haidrokwinoni au zebaki, vitu vilivyopigwa marufuku kwenye vipodozi nchini. Steroidi ikipakwa miezi na miaka hufanya ngozi nyembamba: uzi unapokazwa, ngozi inachanika kama karatasi iliyolowa, na kidonda ambacho kingefunga kwa wiki mbili kinabaki wazi mwezi mzima. Zebaki huharibu figo, na figo ndizo zitakazotoa dawa za usingizi na maumivu. Vidonge vya kunenepesha mashavu na makalio vinavyouzwa kwa kuhesabiwa mara nyingi vina deksamethasoni, nayo ni steroidi. Ukivimeza kwa wiki kadhaa, tezi zilizo juu ya figo hulala na kuacha kutengeneza homoni inayobeba presha wakati mwili uko taabani. Ukipewa nusu kaputi katika hali hiyo, presha inaweza kuanguka na isipande kwa dawa za kawaida. Mtoa usingizi akijua mapema anakuandalia sindano ya haidrokotizoni na unapita salama. Asipojua, anapoteza dakika akitafuta sababu. Mpelekee kopo na vidonge vyenyewe avione. Usiviache ghafla kwa uamuzi wako, maana kuacha ghafla nako kunaweza kukuangusha. Vinapunguzwa kwa ratiba ya daktari, na ngozi hupewa miezi kadhaa ipone.

Tumbaku iachwe wiki 4 kabla na wiki 4 baada. Hapa nawazungumzia pia wanaotumia ugoro, ambao huku kwetu ni wengi hasa kina mama wa makamo, na ambao wakiulizwa kama wanavuta sigara hujibu hapana kwa moyo safi. Nikotini ni ileile, inabana mishipa midogo inayolisha ngozi, na ngozi iliyovutwa na kushonwa upya hufa pembeni mwa mshono. Aspirini, diklofenaki, brufeni na dawa zote za kienyeji zitajwe. Nyingi husimamishwa wiki moja hadi mbili kabla. Vidonge vya majira vyenye estrojeni navyo huongeza damu kuganda, vizungumzieni mapema.

Makovu: angalia chale zako, tundu za hereni na alama ya chanjo. Kama mojawapo imekua nje ya mipaka yake, ikawa nene, inayowasha, una mwili wa keloidi, na mshono wa nyonga hadi nyonga unaweza kufanya hivyohivyo. Ukiamua kuendelea, panga mapema sindano za kovu na bandeji za silikoni, na kovu lifunikwe jua kwa mwaka mzima. Jua la Dodoma halina huruma na kovu bichi hugeuka jeusi.

Vipimo: wingi wa damu (12 kwenda juu kwa mwanamke), sikoseli, sukari, presha, figo, VVU, ujauzito. VVU peke yake havikuzuii ukiwa kwenye dawa na kinga iko vizuri. Siku yenyewe, chakula kiishe saa 6 kabla ya kupewa usingizi na maji meupe saa 2 kabla. Uji na chai ya maziwa ni chakula.

Nyumbani je? Baada ya kukata tumbo, usinyanyue zaidi ya kilo 5 kwa wiki 6. Ndoo ya maji ni kilo 20, na mgao wa maji mnaujua. Lazima awepo mtu wa kuchota, kupika na kubeba mtoto, na awe amekubali kabla. Bodaboda hapana kwa wiki hizo. Mkanda wa kubana huvaliwa karibu saa zote kwa wiki 4 hadi 6, na mwezi wa Oktoba na Novemba joto lake ni mateso. Juni na Julai zina afueni, ila upepo na vumbi ni vingi, funga kidonda vizuri. Mpira wa kutolea majimaji huondolewa yakipungua hadi chini ya mililita 30 kwa saa 24, kwa hiyo pima na andika kila siku.

Kama kasoro unayoiona imekukataza kutoka nje, au umeshapasuliwa na bado hujaridhika, au ndoa imevunjika juzi tu, onana kwanza na mwanasaikolojia. Hospitali ya afya ya akili ya Mirembe iko hapahapa. Najua jina hilo linavyotaniwa mitaani, lakini wataalamu wake ni wa taifa zima, na nusu saa nao inaweza kukuokolea kisu.

Fedha: bima ya NHIF hailipii urembo, na madhara yanayotokana nao yanaweza kukurudia mfukoni. Bei uliyotajiwa ionyeshe kwa maandishi ada ya usingizi, chumba, kitanda, dawa, mkanda na marudio. Juu yake weka akiba ya angalau theluthi. Kama kuitenga hakuwezekani, bado hujawa tayari.

Wanaokwenda Istanbul au India nao wajue: ndege isipandwe kabla ya siku 5 hadi 7 baada ya kunyonya mafuta au upasuaji wa matiti, na siku 7 hadi 10 baada ya kukata tumbo. Wiki au miezi baadaye vikitokea vipele vyekundu au vitundu vinavyotoa maji kwenye mshono, na antibiotiki za kawaida hazisaidii, inaweza kuwa bakteria wa ukoo wa TB wanaoishi kwenye maji na vifaa visivyotakaswa vizuri. Kipimo cha GeneXpert kinatafuta TB ya kawaida, hivyo hawa kitawapita. Mwambie daktari tangu mlangoni kwamba ulipasuliwa nje, lini na wapi, na mwombe usaha uoteshwe maabara kuwatafuta bakteria hao kabla hujaandikiwa dozi nyingine.