Gramu 17 Mkononi

Niliondoka Nakuru saa sita mchana kwa matatu, tukapita Salgaa, Mau Summit na Kericho chini ya mvua ya Aprili. Kwenye mashamba ya mpunga ya Ahero yangeyange walikuwa wametapakaa, weupe kama nguo zilizoanikwa. Mimi nimekulia karibu na heroe, nikawaona wakihama ziwa letu lilipofura. Ndege wa mafunjo sikuwa nimewahi kumtazama kwa karibu.

Alfajiri nilikuwa Dunga, nje kidogo ya Kisumu. Mzee mwenye kibali cha kuvisha ndege pete, ili watambulike wakinaswa tena, na vijana wake walikuwa wameshatandaza nyavu kando ya mafunjo, ambayo Wajaluo huyaita togo. Nyuzi ni nyembamba mno, nusura niingie mwenyewe. Tulizikagua kila baada ya dakika 20. Kwanza walinaswa mnana wawili, wakali, wanang'ata.

"Nyathina, njoo umwone huyu," mzee akaniita; yaani "mwanangu" kwa Kijaluo.

Alikuwa ndege mdogo wa kahawia mwenye mstari wa rangi ya maziwa juu ya jicho, mzaliwa wa Ulaya aliyekuja kwetu kukimbia baridi. Mzee akampuliza kooni, manyoya yakaachana: chini ya ngozi, mafuta ya manjano yalikuwa yamejaa hadi kifuani. Hiyo ndiyo akiba ya safari. Akamtumbukiza kichwa chini ndani ya kikopo juu ya mizani: gramu 17. Siku za kawaida huwa na 11 au 12 tu. Bawa likapimwa kwa rula, kisha pete ya aluminiamu yenye namba ikabanwa mguuni kwa koleo. Mzee akaizungusha kwa ukucha kuhakikisha haimkwaruzi.

"Shingo ipite kati ya vidole hivi viwili. Usimbane kifua, atakosa pumzi."

Nikampokea. Moyo ulikwenda mbio hata mapigo hayakuhesabika, ulikuwa mtetemo mtupu kiganjani. Nilipofungua vidole akazama kwenye mafunjo.

Tiva wa mafunjo, ndege mwingine wa hapo, hakunaswa, ila walikuja wawili wakiitikiana: mgongo mweusi, kifua chekundu, utosi wa manjano. Ng'ambo ya maji moshi ulikuwa unapanda, mafunjo yanachomwa watu wapate shamba. Iliniuma. Yule mgeni wa Ulaya atapata matete kwingine, lakini tiva huyu haishi ila kwenye mafunjo. Sina neno na wasusi wa mikeka, kwani yakikatwa huchipua tena. Yakichomwa na kulimwa, basi.

Mvua ilipoanza tulifunga nyavu haraka, maana ndege aliyelowa wavuni hufa kwa baridi. Mzee akaniambia nguzo hatang'oa. Amewahi kumnasa papa hapa ndege mwenye pete aliyomvisha yeye mwenyewe msimu uliotangulia, amekwenda Ulaya na kurudi.

Nimeshaomba likizo ya Novemba, niwangoje wakirudi.