Siku moja maishani mwangu: kupuliza rangi ya kubandua kwenye van ya mikate, Tororo

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nshafungua geti. Van imelala uani kwangu tangu jana jioni, HiAce nyeupe ya mama mmoja anayesambaza mikate toka hapa Tororo, mashariki mwa Uganda, mpaka Busia, na anataka nusu yote ya chini iwe kijivu cha kiza, pamoja na grili na bampa, juu ibaki nyeupe ifanane na rangi iliyoandikwa kwenye logbook. Sababu anayo. Huko vijijini anakopita ni murram tupu, mawe yanadonoa rangi na tope jekundu linang'ang'ania, alafu siku akitaka kuuza gari anataka mnunuzi aikute rangi ya kampuni iko salama huko chini. Kwa mtu kama huyo hii rangi ya mpira ndo jibu, unapuliza, inakauka kuwa ngozi, miaka miwili mitatu ukiichoka unabandua kwa mikono bila msasa bila thina.

Saa moja naosha, na nikiosha siharakishi maana kazi nyingi zinafia hapa. Natumia sabuni ya kuoshea vyombo kwa sababu inakata mafuta na ile nta watu wanayopaka ili gari ing'ae. Chini ya milango kuna madoa ya lami, nayatoa moja moja, alafu nasuuza na dogo anayenisaidia anafuta kwa kitambaa chenye spiriti. Mpira haushiki juu ya grisi, na vumbi likibaki linaonekana kama chunusi.

Kwenye mlango wa nyuma nakuta rangi imevimba, kuna fundi aliinyoosha hiyo sehemu zamani na kupaka juu ya kutu. Nampigia mama simu kabla ya kugusa kitu. Namwambia mama, hapa siku ukibandua ngozi itaondoka na rangi ya chini pia, kwa sababu haijashika bodi. Anauliza sasa tufanyeje fundi, nami namshauri mlango wa nyuma tuuache mweupe mpaka apate nafasi ya kuutengeneza. Anakubali. Afadhali gari liwe na mlango mmoja tofauti kuliko kumficha mtu kutu yake.

Saa mbili na nusu ni tepu na magazeti, sina mengi ya kusema hapo, mstari unanyooshwa kwa uzi toka taa ya mbele mpaka ya nyuma, basi.

Karibu saa nne umande umekwisha na jua bado halijachoma sana. Gari tumelisogeza chini ya turubai, ubavu mmoja wazi ili hewa ipite, na dogo kamwagia maji uani vumbi litulie. Bati la gari likiwa la moto rangi inakauka kabla haijatandaa, inatoka na mikwaruzo kama ukuta usiopigwa lipu vizuri, kwa hiyo naweka kiganja kwanza, nikishindwa kukiacha hapo sipulizi. Alafu naenda kwa jirani, mama shikamoo, naomba sigiri usogeze kule nyuma ya nyumba mpaka jioni, huu mvuke unashika moto. Huwa haleti shida, na watoto anawaita ndani. Mimi na dogo tunavaa barakoa zenye vichujio vya mkaa, zile za kitambaa hazizuii kitu hapa, ukisikia kichwa kinazunguka jua umeshavuta ya kutosha.

Rangi yenyewe ni Plasti Dip, ya Marekani kule Minnesota, ilianza kama mpira wa kuchovyea mishikio ya koleo na praya, watu wa magari wakaichukua baadaye. Kwa rimu au grili mikebe inatosha ila kwa mbavu za van nanunua ya galoni, karibu lita 3.8, napuliza kwa mashine.

Mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza la rangi, ni mwepesi, nusu ya nyeupe bado inaonekana, na kila mpita njia lazima aseme mbona madoa madoa. Huo ndo unaoshika, mingine yote inafuata juu yake. Nasubiri dakika 20 hadi 30, napuliza wa pili umelowa kidogo, nasubiri, wa tatu, na umeme ukikatika kama leo saa sita tunawasha jenereta mbali kule getini. Tunakula chapati na maharage katikati ya mkono wa nne na wa tano.

Sishuki chini ya mikono sita. Juzijuzi waliniletea gari lililopulizwa mahali pengine miwili tu, likaonekana zuri kabisa, lakini kubandua ikawa inatoka vipande vya ukubwa wa kucha, ikabidi nipulize upya juu yake iwe nene ndo itoke. Hasa kwenye kingo, maana mkono hukimbia ukifika ukingoni na kubandua kunaanzia hapohapo. Unene ndo kila kitu, mteja analipia ile siku ya kubandua kuliko hata ya leo.

Saa tisa mkono wa mwisho, na tepu inavutwa rangi ikiwa bado mbichi, ukingoja ikauke inachana ngozi. Wingu limekuja ila mvua imepita kando.

Saa kumi na moja mama anafika, anazunguka gari mara mbili, anataka apakie mikate alfajiri. Namwambia mama, kesho asubuhi hapana, ikishikika kwa kidole haimaanishi imekomaa ndani, ipe masaa 24. Tumekubaliana kesho jioni. Asilioshe wiki nzima, waosha magari wasipige presha kwenye kingo, na petroli ikimwagika karibu na mfuniko wa tangi afute palepale maana inayeyusha huu mpira, nimempa mkebe mdogo wa kuzibia, mpya hushikana na wa zamani vizuri. Rimu tutafanya Jumapili gari likipumzika.