Koridora wangu: tangi nililolipanga kuanzia chini

Ukienda kununua samaki wa mapambo hapa Nairobi, koridora utauziwa kama mfagiaji: mtie chini, atakula mabaki, tangi litabaki safi. Mimi sikubaliani kabisa na ushauri huo. Koridora hali kinyesi cha wenzake, na chakula kinachomfikia baada ya gapi na tetra, samaki wadogo wanaoogelea juu yake, kushiba hakimtoshi. Huyu ni kambare mdogo wa sentimita sita hivi, mpole, asiyemgusa mtu, na hafanani kwa lolote na kambare wetu wa matopeni anayepita mita moja na kumeza samaki wengine. Ukitaka akae nawe miaka, mpangie maisha yake kwanza. Ndiyo maana tangi langu la lita 120 nililianzia chini, ndipo nikawafikiria wanaoogelea juu.

Mchanga ndio kila kitu. Koridora hula kwa kuzika pua: huvuta mchanga mdomoni, huchambua vijichembe vya chakula, na mchanga hutokea kwenye mashavu. Ukikaa karibu na kioo utauona ukimiminika pande zote mbili kama unga kwenye chekeche. Kokoto za rangi zenye ncha humnyima kazi hiyo, na uchafu ukijikusanya katikati yake, sharubu zake huchakaa mpaka zinabaki vishina. Nilinunua mchanga wa mto, ule ule wa mafundi wa ujenzi, nikauchekecha kupata ulio laini, nikauosha kwenye ndoo mpaka maji yakatoka safi. Kabla ya kuutia nilichota kiganja kimoja nikakidondoshea siki. Mchanga ukitoa povu una chokaa, na chokaa huyafanya maji kuwa magumu, yaani yenye madini mengi. Kwa sababu hiyo mchanga wa ufukweni, uliojaa vipande vya matumbawe na makombe, siutumii. Niliutandaza sentimita tatu tu. Ukiwa mnene mno, uchafu huozea mahali ambapo huwezi kufika.

Maji ninayotumia ni ya mfereji. Nayaacha kwenye pipa usiku kucha pampu ya hewa ikipuliza, na bado natia dawa ya kuondoa klorini. Maji ya visima nayaogopa, maana mengi ya hapa Nairobi yana floridi nyingi. Kabla ya samaki yeyote kuingia, filta ilizunguka wiki kadhaa ili bakteria wajijenge, wale wanaogeuza amonia, sumu itokayo kwenye uchafu wa samaki, kuwa nitriti na nitriti kuwa nitrati. Hatua hii haina njia ya mkato. Sasa kila wiki nabadilisha robo ya maji. Chumvi, ambayo wengine huitia kila samaki akionekana mnyonge, kwangu haingii.

Kuhusu baridi, nilichagua aina inayoiweza. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai ndani ya nyumba si mchezo. Nikachukua koridora wa madoadoa, Corydoras paleatus, ambaye kwao ni kusini mwa Amerika Kusini, kwenye mito inayoelekea Río de la Plata. Huyu ni samaki wa siku nyingi katika vitabu: mtaalamu wa viumbe Mwingereza, Leonard Jenyns, alimwelezea mwaka 1842 kutokana na samaki aliokusanya Charles Darwin katika safari ya meli ya Beagle. Nyuzi 22 zinamtosha. Hita ninayo, lakini umeme ukipotea usiku sikosi usingizi. Pampu ndogo ya betri na blanketi juu ya tangi vinatosha.

Niliwanunua sita kwa mara moja. Mmoja au wawili hujificha nyuma ya mzizi na kukonda. Wakiwa kundi hutoka mchana kweupe, wanapumzika wamegusana mbavu, mara mmoja anakuzungushia jicho kama anayekukonyeza. Juu yao niliweka tetra na gapi. Samaki wakubwa wenye mdomo mpana siwachanganyi nao. Mapezi ya koridora yana miiba anayoisimamisha akishikwa, na atakayejaribu kummeza atakwama naye kooni. Miiba hiyo hunasa wavuni pia, kwa hiyo mimi huwahamisha kwa bakuli.

Mpwa wangu alipowaona mara ya kwanza alishtuka. "Mjomba, huyu hana pumzi! Anakimbilia juu!" Nikamwambia atulie aangalie. Koridora hupanda juu ghafla, akanywa funda la hewa, akarudi chini. Hewa ile huenda utumboni, na sehemu ya nyuma ya utumbo huchukua oksijeni. Ndiyo maana naacha nafasi kati ya maji na kifuniko. Wakianza kupanda wote mfululizo, hapo napima maji mara moja.

Chakula chao nakitia baada ya kuzima taa: vidonge vinavyozama, na mara mbili kwa wiki minyoo myekundu iliyogandishwa. Wa juu wakishalala, wa chini wanakula kwa nafasi yao.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni mayai. Mvua za masika zilipoanza, nilibadilisha theluthi ya maji kwa maji yenye baridi kidogo, jinsi mito ya kwao inavyopata maji mapya mvua ikinyesha. Asubuhi madume, ambao ni wembamba ukiwatazama kutoka juu, walikuwa wanamfuata jike mnene. Jike hubana pua yake ubavuni mwa dume, mayai machache huangukia kwenye mapezi ya tumboni aliyoyakunja kama mfuko, kisha huogelea hadi kwenye kioo na kuyabandika. Watafiti wa Kijapani walionyesha mwaka 1995 kwamba jike wa Corydoras aeneus, ndugu wa hawa wangu, huzinywa mbegu za dume, zikapita utumboni haraka na kuyakuta mayai.

Ukiyaacha yataliwa, hata na wazazi. Yakishakuwa magumu kidogo nayabandua kwa kidole na kuyaweka kwenye chombo chenye maji ya tangi lile lile, pampu ya hewa ikipuliza taratibu, na jani kavu la mti wa mkungu. Majani hayo nayaokota Mombasa. Rangi yake ya kahawia hupunguza ukungu kwenye mayai. Baada ya siku nne hivi vitoto hutoka, vinakaa na kiini chao cha tumboni kwanza, kisha navilisha vijidudu vya majini na vidonge vilivyosagwa laini, kidogo kidogo, na kunyonya mabaki kwa mpira mwembamba kila siku. Chini naweka mchanga wa kufunika tu. Wakifika sentimita mbili nawahamishia tangi kubwa jioni, wakubwa wakiwa wameshakula.