Gemu za Magari kwa Macho ya Motari

Katika chumba cha Play cha mtaani kwetu, mahali pa kulipia kucheza PlayStation, vijana hubishana kuhusu magari tu: lipi lina nguvu, lipi linashika kona, lipi linalia vizuri. Mimi simo. Nabeba abiria kwa pikipiki hapa Goma, mashariki mwa Kongo, na motari yeyote wa mji huu anajua kwamba chombo ni nusu ya habari. Nusu nyingine iko chini ya tairi na kando ya njia. Kwa hiyo nikipewa maneti, kile kidude cha kuchezea, napunguza mwendo nitazame. Wanaosubiri zamu hawanipendi. "Yaya," yaani mkubwa wao, "unasindikiza mazishi?"

Waniseme. Gemu iliyonifunga kabisa ni DiRT Rally 2.0 ya mwaka 2019, na sababu ni moja: magari huondoka moja moja, na njia inachakaa kadiri yanavyopita. Ukianza mapema unakuta changarawe imetanda juu, gari linaelea. Ukianza nyuma ya wengi, wameshaifagia ile changarawe, ila wamekuachia mifereji ya magurudumu. Hiyo naijua mwilini. Mvua ikinyesha, malori ya makala, yaani mkaa, yakishapita, barabara zetu za ndani hubaki na mifereji miwili, na pikipiki lazima ichague. Ukishaingia wa kushoto, umefunga nao ndoa mpaka mwisho wa mtaa. Siku niliyohisi usukani wa gemu unavutwa na mfereji ambao sikuuchimba mimi, niliamini kwamba kuna watu wengine waliopita pale kabla yangu. Hakuna aliyeniambia kwa maandishi. Ardhi ndiyo iliyosema.

Humo kuna njia za Argentina, mkoa wa Catamarca, nyembamba, mawe yamekaa ukingoni kabisa. Ukikata kona kwa tamaa, tairi linapasuka. Vijana huzikimbia njia hizo. Mimi hapo ndipo nyumbani.

Sasa tuje kwenye volkano, maana hili nina haki nalo. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo, mlima wetu wa moto, ulilipuka tukabeba magodoro tukakimbia. Mwezi wa Novemba mwaka huohuo ikatoka Forza Horizon 5, gemu ya Meksiko, na inaanzaje? Ndege inashusha gari kwenye mteremko wa volkano, unatelemka nalo kwa mbio! Nilipoiona kwa binamu yangu mwenye kompyuta nzuri nilicheka peke yangu. Sisi tunateremka kwa kukimbia, wao kwa kufurahi.

Lakini nilirudi kuipanda polepole, na nakiri kazi ni nzuri. Juu theluji, halafu mawe matupu, halafu miti, halafu chini mashamba. Mimea inabadilika kwa mpangilio unaoeleweka. Aliyewahi kupanda Nyiragongo kutoka Kibati anajua: unaanza msituni, miti inazidi kuwa mifupi, na ukifika ukingo wa juu, mita 3,470, ni jiwe na baridi tu. Mlima wa kuchora ovyoovyo una rangi moja kutoka chini hadi kileleni. Huu wa gemu hauko hivyo.

Kinachokosekana ni watu wa mlima. Nilizunguka chini yake nikitafuta alama ya mtu anayeishi na moto juu ya kichwa, sikuiona. Njoo Goma. Mwaka 2002 lava ilipita katikati ya mji mpaka ziwani, ikafunika sehemu ya njia ya ndege kwenye uwanja. Leo uzio ni jiwe jeusi, msingi ni jiwe jeusi, choo ni jiwe jeusi. Kuna majengo ambayo ghorofa ya chini ilizikwa, watu wakatoboa mlango kwenye ghorofa ya pili na maisha yakaendelea. Kuna akina mama wanaovunja mawe hayo kwa nyundo wauze kokoto. Na chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, zinashuka kutoka Kibumba na viazi na kabichi, mwenye chombo akikanyaga breki kwa sandali, hakuachii njia hata upige honi vipi. Hivyo ndivyo volkano inavyoonekana kwa aliye chini.

Ajabu ni kwamba gemu ileile imelifanya jambo hilo vizuri mahali pengine. Kuna mji wa Guanajuato, mji wa kweli, na chini yake kuna mahandaki ya kupitisha magari. Mto uliokuwa ukifurika mjini ulihamishwa, na palipokuwa mkondo wake pakawa barabara. Ukipita humo kwenye gemu unahisi mji umegombana na maji yake miaka mingi. Mto wameupa historia, mlima wameupa mandhari tu. Hapo ndipo ninapowalaumu.

Burnout Paradise ya mwaka 2008 sitaisema sana. Mji mzima, hakuna mtu hata mmoja anayetembea kwa miguu, na magari yenyewe hayana madereva ndani. Naelewa: ni gemu ya kugongana, nani anataka kuona mama na beseni lake likirushwa? Lakini mimi nimezoea Birere, mtaa wetu wa soko uliojaa watu. Mahali pasipo mtu wa kunitukana naogopa kupita.

WRC 9, gemu ya mbio za rali, ilileta njia za Kenya mwaka 2020, wakati Safari Rally yenyewe ilifutwa mwaka huo kwa sababu ya korona na kurudi 2021. Mzee mwenye chumba cha Play, tunayemwita Papa, aliyewahi kuendesha lori mpaka Mombasa, ndiye hakimu wetu hapo. Anasema rangi ya udongo imekaribia, vumbi halitoshi. "Naivasha vumbi likilala barabarani, shimo lililo chini hulioni. Hawa wanaona kila kitu!"

Gran Turismo 7 nayo inanifurahisha baada ya mvua tu. Pale magari yanapopita panakauka kwanza, madimbwi yanabaki pembeni. Ndivyo ninavyoendesha kila siku ya mvua, kwenye alama za matairi ya wenye magari.

Na kuna SnowRunner, ambayo hata si ya mashindano. Ni malori na tope. Tope linabonyea, gurudumu linazama, unafunga kamba kwenye mti ujivute. Aliyeona foleni ya malori yaliyokwama juu ya Sake, njia ya Masisi, hahitaji maelezo. Niliicheza jioni nzima nikasogea kidogo sana, nikalipa kwa furaha. Papa ameshaifuta apate nafasi ya gemu ya mpira, maana hakuna mwingine aliyekuwa akiilipia. Mwenye nayo hapa mjini aniandikie, nitakuja na hela yangu na sitagusa kitu kingine.