Mhuri wa Mwenyekiti wa Mtaa

Juzi binti yangu alikuwa anatafuta karatasi za kuchorea, akafungua jalada la bluu. Akaja nalo jikoni, kidole kiko juu ya duara la wino wa zambarau uliofifia. "Mama, huu mhuri wa nani?"

Nikazima jiko. Swali hilohilo niliulizwa Oktoba 2023, kwenye tawi la benki hapa Barreiro, Ureno, na siku ile sikuwa na hakika kama jibu langu lingetosha kutupatia mkopo wa nyumba.

Yaliyotangulia nayapitia haraka. Kazi yangu ni ukalimani wa simu, Kiswahili na Kiingereza, kwa hospitali za Marekani, wagonjwa wengi wakiwa wakimbizi kutoka Kongo. Zinaingia dola, na mwajiri hapa Ureno sina. Namba ya kodi, NIF, nilikuwa nayo, na kila mwezi nilikata risiti za kijani kwenye mfumo wa Finanças, mamlaka ya kodi, maana ndizo zinazomtambulisha mtu aliyejiajiri. Nilidhani risiti hizo na matamko ya kodi ya miaka miwili yangetosha. Benki mbili za kwanza zilinikatalia kabla ya kupiga hesabu yoyote. Sababu niliijua baadaye: kwa sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2014 kuhusu mikopo ya nyumba, mkopo wa euro anaopewa mtu mwenye kipato cha dola huhesabiwa kuwa mkopo wa fedha za kigeni. Benki inayoutoa inabeba wajibu zaidi, ukiwemo wa kumwonya mkopaji pale sarafu inapoyumba na deni au rejesho likabadilika kwa zaidi ya asilimia 20. Kuna benki zinazoona heri zikukose.

Ya tatu ikakubali kusikiliza. Fleti yenyewe ilikuwa ya vyumba viwili, bei euro 165,000. Tukasaini mkataba wa awali na kutoa arbuni ya asilimia 10, euro 16,500. Kifungu kimoja nilikigombania hadi kikaingia: benki ikikataa, au mthamini akishusha thamani hadi mkopo usitoshe, arbuni inarudi. Bila kifungu hicho, mnunuzi akishindwa arbuni imekwenda. Muuzaji akigeuka, yeye ndiye anayerudisha mara mbili. Nawaomba sana, msisaini bila kifungu hicho, hata kama dalali anawaharakisha.

Mthamini akasema 158,000. Benki hushika namba ndogo kati ya bei na thamani, basi ikashika hiyo. Kwa nyumba ya kuishi mwenyewe Benki Kuu ya Ureno iliruhusu hadi asilimia 90, lakini kwa ajili ya dola zangu nilipewa 80, yaani 126,400. Pengo likawa 38,600. Ongeza kodi ya uhamisho 2,325.50, ushuru wa stempu 1,320 kwenye bei na 758.40 kwenye mkopo: jumla euro 43,003.90 taslimu, na hapo mthamini na usajili bado. Akiba yetu haikufika. Kilichojazia ni fungu langu la kiwanja cha marehemu baba, Kigamboni, euro 11,200.

Basi siku ile. Afisa mikopo alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani, rula na penseli mezani. Alianza na taarifa zangu za benki, miezi 24. Shida ilikuwa hapa: dola zangu hupitia kampuni ya malipo inayozigeuza euro na kukata ada yake, kwa hiyo kwenye taarifa linatokea jina la kampuni hiyo, si la aliyenilipa, na kiasi hakilingani na risiti hata mara moja. Mwezi wa tisa alikuwa amenirudisha kwa sababu hiyo. Safari hii nilikuja na jedwali la safu saba: namba ya ankara, jina la mlipaji, dola, tarehe, kiwango cha Benki Kuu ya Ulaya cha siku hiyo, ada, euro zilizoingia. Aliweka rula chini ya kila mstari, akatazama taarifa, akatazama risiti, akatia alama. Akikuta ankara mbili zimelipwa kwa mkupuo mmoja anasimama, anasoma maelezo niliyoandika pembeni, anaendelea. Nusu saa nzima hakunena. Nilikuwa nasikia penseli tu.

Kisha akafika kwenye mkataba wa kuuza kiwanja. Kurasa mbili za Kiswahili, na tafsiri ya Kireno nyuma yake. Niliifanyisha kwa mfasiri mwingine, akala kiapo mbele ya wakili, kwa sababu nyaraka zangu mwenyewe nisingeweza kuzitafsiri. Tafsiri aliisoma yote. Halafu akarudi kwenye asili, akaweka kidole pale.

"Huu mhuri ni wa nani?"

Nikamwambia ni wa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Anachaguliwa na wakazi, anajua kiwanja cha nani kinapakana na cha nani, na watu wakiuziana anashuhudia. Akauliza kama ndiye msajili wa ardhi. Nikasema hapana. "Sasa nani anasema kiwanja kilikuwa chenu?"

Sikumjibu kwa mdomo. Nilitoa mkataba wa 2009 ambao baba alinunulia, muhtasari wa kikao cha familia, barua ya Mahakama ya Mwanzo iliyoniteua msimamizi wa mirathi, ridhaa ya wadogo zangu wawili, na hati ya benki ya Dar es Salaam kuonyesha fedha zilitoka wiki ileile ya mauzo. Akazipanga kwa tarehe, kushoto kwenda kulia, zikajaa meza. Nikaiona saini ya baba, ile "M" yake yenye mkia mrefu, imelala kwenye meza ya benki ya Ureno. Jumamosi alikuwa anavuka na pantoni kwenda kufyeka majani pale, na alikuwa akirudi na madafu. Nilitazama dirishani mpaka yule mama alipomaliza.

Mengine yalikwenda mbio. Kipato changu, baada ya kodi na hifadhi ya jamii, kilikuwa euro 2,000 kwa mwezi. Wakakata asilimia 20 kwa ajili ya dola kupanda na kushuka, ikabaki 1,600. Marejesho hayakutakiwa kuzidi nusu, yaani 800. Kwa riba ya asilimia 5 na miaka 35, rejesho ni 638. Lakini hupimwa kana kwamba riba imepanda. Mwezi wa tisa kipimo kilikuwa kuongeza asilimia 3: rejesho 898, nikaanguka. Oktoba Benki Kuu ya Ureno ikakishusha hadi asilimia 1.5: rejesho 764, nikapita. Tukapewa karatasi ya masharti, tukangoja siku 7 ambazo sheria inalazimisha mtu kutafakari, tukasaini Desemba.

Kwa hiyo binamu yangu anaponiuliza afanyeje ili naye apate mkopo, namwambia aanze jedwali leo, tangu ankara ya kwanza. Bila jedwali wasingehesabu hata hiyo 1,600. Ila jedwali haligeuzi 898 kuwa 764, na kama kipimo kisingeshushwa Oktoba ile, sijui ningekuwa naandika nini.

Binti nilimweleza kuhusu mwenyekiti, pantoni na madafu ya babu. Akauliza kama pale Kigamboni sasa pamejengwa nyumba.

Nilimwambia sijaenda kuangalia.