Dakika ya 48

Dani, ndivyo tulivyomwita nyanya yetu, alikuwa na desturi ya kunyamaza kabla ya neno zito. Ungedhani amemaliza, kumbe ndio anaanza.

Desemba 2018 tulikuwa tunajiandaa kwa ukumbusho wake, nyumbani Dunga, hapa Kisumu. Kabla hajatuacha nilikuwa nimemrekodi kwa kamera ambayo mjomba alikuja nayo kutoka Marekani. Ni karibu saa nzima: Dani ameketi kigodani, kitambaa cheupe kichwani, ziwa nyuma yake. Anasimulia kwa Dholuo jinsi walivyokuwa wakibeba fulu kwa beseni hadi soko la Kibuye, na jinsi samaki hao wadogo walivyopotea miaka ya 1980, mbuta (sangara) walipotapakaa ziwani.

Binamu zangu waliokulia Nakuru hawasikii Dholuo. Miaka yote walimjua nyanya yao kwa salamu na ishara za mkono. Kwa hiyo nilikaa jioni baada ya jioni nikiandika manukuu ya Kiswahili, yale maandishi ya tafsiri chini ya picha, sentensi moja nikiirudia mara nne, kwa sababu nilitaka wamsikie yeye, wasinisikie mimi.

Televisheni ya nyumbani iliisoma video kwenye flashi, lakini faili la manukuu lililokuwa kando yake haikuliona kabisa. Ilibidi yachomwe. Yaani programu inaifungua kila fremu, ile picha moja moja inayounda video, inachora maandishi juu yake, kisha inaifunga upya. Tangu hapo maandishi ni sehemu ya picha, kama jina la kanga: utaifua, utaianika, jina halitoki. Nilichagua herufi za manjano zenye ukingo mweusi, maana nyeupe zilizama kwenye kile kitambaa kila Dani alipoinama.

Nilitazama dakika tano za mwanzo, nikaona kila neno linatua mahali pake, nikaiacha kompyuta ichome usiku kucha.

Asubuhi, siku moja kabla ya ukumbusho, niliitazama yote. Dakika ya 48 Dani ananyamaza. Anainua mkono kuelekea ziwani, anaushikilia hewani, kisha anaushusha polepole na kusema, "Rech orumo." Mkono umeshatua gotini na chini ya picha hakuna maandishi. Mara anageuka, anamwona mjukuu anayefukuza kuku, anacheka mpaka mabega yanatikisika. Hapo ndipo maandishi yakatokea: Samaki wameisha.

Nilihisi tumbo likinikaza. Mtu asiyejua Dholuo angeona bibi kizee anayecheka kwa kuwa samaki wameisha. Huo ulikuwa uongo juu ya mtu ambaye hangeweza tena kujitetea.

Nikachukua kompyuta mbio hadi saiba moja, duka la intaneti, mtaani Kondele, kwa kijana anayetengeneza video za harusi. Nilimwambia nataka kuyatanguliza manukuu yote kwa sekunde tatu.

"Hapana, mwalimu. Ukifanya hivyo, huko mwanzo yatamtangulia kabla hajafungua mdomo. Haya hayajachelewa tu, yanazidi kuchelewa."

Alilifungua faili, akanionyesha. Halikuwa na saa wala dakika, lilihesabu fremu. Programu niliyoandikia ilichukulia kuwa sekunde moja ina fremu 30, kumbe kamera ile hurekodi 29.97. Wamarekani waliipunguza kasi yao kidogo mwaka 1953, walipotia rangi kwenye televisheni, ili mawimbi ya rangi yasiingiliane na ya sauti. Katika dakika tano tofauti hiyo ni sehemu tatu za kumi za sekunde, na jicho halishtuki. Kufika dakika ya 48 ni karibu sekunde tatu. Nilikuwa nimepima mahali ambapo kosa bado lilikuwa changa.

Bahati njema video asilia, isiyo na maandishi, nilikuwa nayo kwenye kadi. Bila hiyo tungekuwa tumekwama, maana kilichochomwa hakichomoki.

Kijana alinivisha vifaa vya masikioni. Nikamtafutia neno la kwanza la Dani na neno lake la mwisho, tukafunga manukuu kwenye ncha hizo mbili, na programu ikayabana yote ya katikati kwa uwiano. Akalihifadhi faili upya kwa saa, dakika, sekunde na milisekunde. Sasa nilipima mwanzo, katikati na mwisho, na mstari ule mmoja niliuangalia zaidi ya mara kumi: mkono unashuka, mdomo unafunguka, herufi za manjano zinawaka. Kisha tukachoma. Stima haikukatika, namshukuru Mungu.

Kesho yake televisheni iliwekwa kwenye meza chini ya hema, waya umevutwa kutoka sebuleni. Binamu wa Nakuru walikaa mbele na watoto wao. Ilipofika ile kimya hakuna aliyekohoa. Mkono ukashuka. Mtoto mmoja wa miaka kama minane, ambaye ndio kwanza anajua kusoma vizuri, akasoma kwa sauti pamoja na Dani: "Samaki wameisha."

Kisha Dani akageuka na kuwacheka kuku, na hema zima likacheka naye.

Shangazi akanigusa bega. "Rudisha hapo kidogo."