Mwaka wa nane wa mshokishoki

Mwaka huu tena nimefagia maua. Uwanja mzima ulikuwa kama umemwagiwa pumba za kijani, nyuki wanavuma juu tangu alfajiri, na mimi na fagio langu la chelewa najua fika kwamba humo halitoki shokishoki hata moja.

Niliupanda mwenyewe mwaka 2017. Mamdogo alikuja hapa Ngamiani, Tanga, na kikapu kutoka Muheza, tukala barazani mpaka sakafu ikajaa maganda yenye manywele. Nikachagua makokwa matano ya yale matamu kuliko yote. Nikayasugua utelezi ukaisha, nikayalaza kwenye makopo ya rangi jioni ile ile, maana kokwa la shokishoki si la kusahauliwa dirishani, likikauka limekufa. Yakaota matatu. Mche mmoja ukaliwa na mbuzi, wa pili ukakauka wakati wa kaskazi nikiwa Dar. Ukabaki huu, nikawa naunywesha maji ya kuoshea mchele kama mwana wa pekee.

Watu wakaniambia mti wa kokwa unataka miaka mitano, sita. Sawa. Mwaka wa tano Mamkubwa akachoka kuniona nasubiri, akaleta dawa ya mti usiozaa: mmoja anautisha, mwingine anautetea. Akaja na panga, akaligonga shina kwa ubapa: "Mwaka huu usipozaa, nakukata!" Zamu yangu ilikuwa kuutetea: usiukate, utazaa, mimi ndiye mdhamini. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Akaniambia nimeiharibu dawa.

Basi mwaka uliofuata, kiangazi kilipokaza, ukachanua! Mamkubwa alitembea mtaa mzima na habari hiyo. Kutoka ua hadi tunda kuiva ni kama miezi minne, kwa hiyo nikatia alama kwenye kalenda, nikawaahidi na watoto. Baada ya siku chache maua yote yako chini. Nikalaumu mvua, nikalaumu siafu, nikalaumu upepo wa bahari, na (nisamehewe) nikalaumu kijicho cha watu. Mwaka wa pili, vile vile.

Mwaka huu ndipo nikamwita fundi wa miche. Hata hakuuzunguka mti. Alikwanyua kishada kimoja, akakipasulia kiganjani kwa ukucha. "Unaona hivi vijiti vyeupe vyenye unga wa manjano kichwani? Basi ni hivi tu. Ua jike lina kitumbo katikati, na juu yake kiulimi kilichopasuka mara mbili. Huu ni dume, dada."

Dume! Mimi niliyekulia kwenye mipapai, ninayejua mpapai dume tangu sijaanza shule, sikuwahi kuuliza. Tena mpapai una adabu, mwaka hauishi umeshajitambulisha. Huu umekula mbolea yangu miaka sita kimya. Mche wa kubebesha, yaani uliounganishwa jicho la mti mwingine, hilo jicho huchukuliwa kwenye mti ambao watu wameshaula matunda yake, kwa hiyo unajua unachonunua, na mwaka wa tatu hivi unaanza kuonja. Mimi niliona bei yake kubwa.

Jirani yangu wa nyuma ya ukuta yeye aliununua. Wake unazaa mpaka matawi yanainama. Fundi akasema nyuki wa kwangu huenda ndio wanaoupelekea unga, na jirani akasikia, kwa sababu ukuta wetu ni mfupi. Msimu wa mavuno ulipofika akaniletea sahani ya shokishoki imefunikwa kawa. "Pokea, mkwe. Wajukuu zako hao." Nilizila zote. Tamu, nyama inabanduka vizuri kwenye kokwa, si kama zile za kung'ang'ania.

Tumekubaliana na fundi: masika yakianza atalikata shina kiunoni, machipukizi yakishika nguvu ayabebeshe macho kutoka kwenye mti wa jirani. Jirani katoa macho hayo ya mti wake bure, ila kwa sharti, tawi moja la dume libaki, la upande wake. Jana jioni nilipanda ngazi nikalifunga kitambaa chekundu, fundi asije akalikosea. Mamkubwa alikuwa chini ameishika ngazi, anauliza kama aende akalete panga.